Kabla ya pingu, pigeni simu kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua hii itakuwa ndefu na nakuomba usiikate sana, maana kuna kitu kimenikaa rohoni tangu nisome ile barua ya msomaji aliyeandika kwamba mtu yeyote akionekana anarusha kidege cha kujifurahisha karibu na mtambo wa serikali awekwe ndani kwanza, maswali baadae. Niliisoma mara mbili. Mke wangu akaniuliza mbona umenuna hivo, nikamwambia huyu ndugu angejua anachokiomba asingekiomba.

Mimi mzaliwa wa Lushoto, huku Marekani nina miaka kumi na saba, nakaa South Carolina, kazi yangu ufundi wa viyoyozi, na wikiendi hali ya hewa ikiwa nzuri narusha glaida. Kwa wasioijua, glaida ni ndege isiyo na injini, mabawa marefu membamba, unavutwa na ndege nyingine kwa kamba mpaka juu alafu unaachia, kuanzia hapo ni wewe na hewa tu. Nikiwa mdogo nilikuwa nakaa kwenye jiwe nyuma ya nyumba ya babu namwangalia mwewe anavyopanda bila kupiga bawa hata mara moja, anazunguka anazunguka mpaka anakuwa nukta, na nilikuwa sijui kwa nini anazunguka. Nimekuja kujua ukubwani kwamba jua likichoma ardhi hewa ya chini inapata moto na kupanda, shamba lililolimwa, paa la bati, maegesho ya magari, kiwanda, vyote vinatoa huo mkondo, na mwewe akishaupata anazunguka humo humo ndani asije akautoka. Sisi wa glaida tunafanya hivo hivo. Ukiwa juu kilomita moja na hewa imetulia, glaida nzuri inakupeleka kilomita arobaini hivi mbele kabla hujagusa chini, kwa hiyo njiani lazima utafute pa kupandia tena, na unazunguka pale ulipopata mkondo hata kama mahali penyewe hujapachagua. Naomba msomaji aliweke hili akilini maana kisa chote kimesimama hapo. Glaida ikizunguka sehemu moja dakika kumi, rubani anahangaika kubaki hewani, basi.

Sasa kisa chenyewe. Tarehe 26 Julai 2012, siku ya Alhamisi, mzee mmoja wa miaka 70 aliruka na glaida yake hapa hapa South Carolina, safari ya masafa kama tunazofanya wote, akafika maeneo ya Hartsville, kaunti ya Darlington. Pale kuna ziwa la kutengenezwa na watu, Lake Robinson, na pembeni ya ziwa kuna mtambo wa nyuklia wa H. B. Robinson unaotoa umeme tangu 1971. Mzee akawa anatafuta hewa ya kupandia karibu na hapo, akapita juu ya mtambo. Walioko chini wakaingiwa na hofu, askari wa kaunti wakaitwa, na mzee akasikia kwenye redio anaambiwa atue uwanja wa Hartsville. Akatii. Alivyotua akakuta magari ya polisi yanamsubiri, akakamatwa, akapelekwa mahabusu akalala huko, jumla karibu saa 24. Shitaka waliloandika ni kuvunja amani. Na taarifa zilizotoka baadae zilisema kuna muda wakati bado yuko hewani ilizungumzwa mpaka habari ya kumtungua. Mzee wa miaka sabini, kwenye chombo ambacho mtu mzima na mwenzake wanakisukuma kwa mikono kwenye nyasi.

Hapa ndo naomba tutulie kidogo, kwa sababu watu wengi wakisikia nyuklia wanasema moja kwa moja, ah, basi alikuwa kwenye anga iliyozuiwa, alistahili. Hakuwa. Juu ya ule mtambo hapakuwa na anga iliyozuiwa. Ukichukua ramani ya marubani ya eneo lile, ile tunayonunua na kuikunja kunja mpaka inachanika, anga iliyopigwa marufuku au kuzuiwa inachorwa mpaka wake kwa mstari wa bluu, na pale Hartsville hakuna huo mstari. Kilichokuwepo ni tangazo la mamlaka ya anga, FAA, la mwaka 2004, hizi tunaziita NOTAM, linalowashauri marubani wa nchi nzima kwamba kadri inavyowezekana wakwepe kupita juu ya mitambo ya umeme, iwe ya nyuklia, ya maji au ya makaa, na mabwawa, na viwanda vya kusafisha mafuta, na sehemu za jeshi, na wasizunguke zunguke hapo kama watu wanaovizia. Linashauri. Neno lenyewe lililotumika ni hilo, kushauri, tena linasema kadri inavyowezekana, na rubani wa glaida anayepoteza kimo ni mtu ambaye kuwezekana kwake kumebaki kudogo sana.

Na usidhani serikali ya huku haijui kufunga anga ikitaka. Inajua vizuri mno. Mwishoni mwa Oktoba 2001, wiki chache baada ya yale mashambulizi ya New York na Washington, walifunga kweli anga ya kuzunguka mitambo ya nyuklia nchi nzima, maili 10 za baharini kila upande, kwa kama wiki moja hivi, alafu wakaifungua. Yani walikaa wakafikiri, wakaona hatari, wakafunga, wakaona kufunga hakufai kuendelea, wakafungua, na baadae wakabaki na ushauri. Huo ulikuwa uamuzi wa watu wenye dhamana ya kuamua. Miaka kumi na kitu baadae askari wa kaunti moja anasimama kwenye nyasi za uwanja mdogo na kuifunga anga upya kwa pingu, peke yake, kwa sababu ameshtuka.

Kisheria huku anga yote ni ya serikali kuu, tangu sheria ya 1958 iliyoianzisha FAA jambo hili halina utata, sherifu, yani mkuu wa askari wa kaunti, anachaguliwa kwa kura na watu wa kaunti yake na kazi yake ni ya chini, barabarani, majumbani, mashambani. Akiona ndege imemtia wasiwasi ana haki kabisa ya kuwa na wasiwasi, mimi simlaumu hata kidogo kwa kuwa na wasiwasi, nchi hii imeshaumizwa na ndege. Lakini ana simu. Kuna ofisi za FAA, kuna waongoza ndege wanakaa mbele ya rada usiku na mchana, mtu anauliza tu, hapa juu ya mtambo pamezuiwa au hapajazuiwa, na jibu linakuja kabla chai haijapoa. Mzee akishatua, hana pa kukimbilia, glaida haiwezi kuruka tena bila kuvutwa, hapo kuna haraka gani ya kumpeleka mtu mahabusu usiku mzima?

Kinachoniuma zaidi ya kulala ndani ni namna ilivyoisha. Kesi ilifutwa, ndio, lakini ilifutwa kwa makubaliano kwamba mzee hatawashtaki waliomkamata. Nimelifikiria hili miaka yote hii nikiwa juu ya ngazi nafunga kiyoyozi cha mtu. Mtu hana kosa, anaambiwa tutakuondolea shitaka ambalo halikutakiwa kuwepo, na wewe tupe haki yako ya kwenda mahakamani kuuliza kwa nini. Anakubali, na mimi ningekubali, wewe pia ungekubali ndugu msomaji, maana una miaka sabini, una mke nyumbani, kesi ya jinai inakukalia kichwani, leseni yako ya urubani inaning'inia, wakili anadai hela kila saa. Kwa hiyo hakuna hakimu aliyewahi kulisikiliza lile jambo mpaka mwisho na kusema waziwazi askari wa kaunti mpaka wako ni hapa. Askari mwingine kwenye kaunti nyingine hana cha kusoma. Rubani mwingine hana cha kuonyesha. Ndo maana naliita deni, lile deni halijalipwa mpaka leo.

Sasa linganisha na hii. Washington D.C. kuna anga iliyozuiwa kweli kweli, sio hadithi. Juu ya ikulu na bunge ni marufuku kabisa, na kuzunguka mji kuna duara la maili 30 za baharini ambalo huingii bila mpango wa safari na namba maalum ya rada. Tarehe 11 Mei 2005 wanaume wawili kutoka Pennsylvania na kindege cha viti viwili, Cessna 150, walipotea njia wakaingia humo mpaka wakafika kama maili tatu kutoka ikulu. Watu walitolewa mbio kwenye bunge na ikulu, mlisikia mpaka huko nyumbani, ndege za kivita F-16 zikaenda, helikopta ya Black Hawk ikaenda, wakalazimishwa kutua Frederick, Maryland. Wakafungwa pingu pale uwanjani, wakahojiwa, na siku ile ile wakaachiwa bila shitaka la jinai. Baada ya hapo FAA ikamnyang'anya leseni yule aliyekuwa rubani mkuu, na hiyo ni haki kabisa, alikosea na aliyemwadhibu ni mwenye mamlaka, kwa kosa lililoandikwa, kwa adhabu iliyoandikwa.

Aliyeingia anga ya marufuku karibu na ikulu alirudi nyumbani jioni ile. Aliyepita mahali ambapo hapakuwa na marufuku alilala mahabusu. Tofauti yao ni nani aliyeshika jambo. La Washington lilishikwa na watu wanaoijua anga, wakapima, wakaona ni uzembe na sio ugaidi, wakalimaliza kwa njia yake.

Na wala isionekane natafuta kisa kimoja cha zamani nikiking'ang'anie. Agosti 2010 huko Santa Barbara, California, John King na mkewe Martha, hawa ni walimu wa urubani wanaojulikana nchi nzima, maelfu ya marubani wamejifunza kwa video zao, walitua na Cessna 172 wakakuta polisi wamewaelekezea bunduki, wakatolewa mmoja mmoja, pingu, kila mtu gari lake. Sababu? Namba ya usajili ya ndege yao ilikuwa zamani ni ya ndege nyingine iliyoibiwa miaka kadhaa nyuma, ile namba ikapewa ndege mpya, lakini kwenye orodha ya wizi haikufutwa. Hata aina ya ndege haikuwa ile ile, iliyoibiwa ilikuwa 150 na wao walikuwa na 172. Simu moja na jicho moja la mtu anayejua ndege vingetosha. John na Martha walikuwa na jina, walikuwa na sauti, jambo likaandikwa kila mahali. Wasio na jina je?

Alafu kuanzia 2012 na 2013 yakawa yanatokea mambo mengine, marubani wa ndege ndogo wanaosafiri ndani ya nchi, hawajatoka nje hata hatua moja, wanatua kwenye viwanja vidogo wanakuta maafisa wa forodha na mipaka pamoja na polisi wa eneo, mbwa, silaha, ndege inapekuliwa saa nzima au mbili, hakuna hati ya mahakama, hakuna kinachokamatwa, wanaambiwa haya nenda. Kuna kituo Riverside, California kinachofuatilia ndege kwenye rada, na mtu akiruka magharibi kwenda mashariki na kutua tua njiani anaonekana anafanana na mbeba madawa. Chama cha marubani, AOPA, kilikusanya malalamiko mengi ya namna hii, kikadai nyaraka kwa sheria ya uhuru wa habari, kikabana kikabana, mpaka 2014 mkuu wa idara akakubali kubadilisha utaratibu na upekuzi ukapungua sana. Hii inanipa moyo kwa kweli, maana inaonyesha wakiulizwa kwa maandishi na kwa kung'ang'ania, wanasikia.

Kuna jambo jingine lilitokea wiki ile ile karibu. Tarehe 3 Agosti 2012, siku nane tu baada ya mzee kukamatwa Hartsville, Rais Obama alisaini sheria inayoitwa haki za rubani. Mwenye kuipigania alikuwa Seneta Jim Inhofe wa Oklahoma, naye alikuwa rubani, Oktoba 2010 alitua Port Isabel, Texas kwenye njia ya ndege iliyofungwa wakati wafanyakazi wako juu yake, akapewa adhabu ya kurudi kufundishwa, na jinsi alivyoshughulikiwa na FAA kukamfanya aandike sheria kwamba rubani akichunguzwa aambiwe, apewe ushahidi wa rada na sauti za redio, na akikata rufaa aweze kwenda mahakama ya kawaida. Ni sheria nzuri na mimi naishukuru. Ila inamlinda rubani dhidi ya FAA peke yake. Dhidi ya askari anayesubiri uwanjani na neno kuvunja amani mdomoni haina msaada, na hapo ndo shimo lilipo.

Naomba niseme la kwangu mwenyewe, maana nisije nikaonekana nawachukia askari. Miaka mitatu iliyopita hewa iliniishia, nikatua kwenye shamba la pamba, kwetu hilo ni jambo la kawaida, unachagua shamba mapema ukiwa bado juu, unaangalia nyaya za umeme, unaangalia mteremko, unatua, unapiga simu wenzako waje na trela. Mtu aliyepita barabarani akapiga simu kwamba ndege imeanguka. Akaja askari wa kaunti, kijana tu, mkono kiunoni. Mhariri, nikuambie ukweli, mimi mweusi, jina la Kiislamu, lafudhi ya kwetu Usambaa haijawahi kunitoka, nimesimama peke yangu katikati ya pamba ya mtu na chombo asichokijua, na kichwani mwangu nilikuwa namwona yule mzee wa Hartsville, nikisema mwenzangu alikuwa mzee wa hapa hapa na alilala ndani, mimi leo wataniweka wapi. Nikanyoosha mikono aione. Kijana akauliza umeumia? Nikasema hapana. Akauliza hiki nini, nikamweleza, akauliza injini iko wapi, nikamwambia haina, akacheka kidogo akasema subiri. Akarudi kwenye gari, akapiga simu, nilimsikia anauliza kama kuna kosa mtu kutua shambani na glaida, akasikiliza, akasema sawa asante. Akaja akachukua namba ya leseni yangu akaandika, akampigia mwenye shamba. Wenzangu walipofika na trela akavua kofia akatusaidia kubeba bawa, na bawa la glaida ni refu na ni zito upande wa shina, tulimhitaji. Dakika arobaini yote yamekwisha.

Yule kijana alikuwa na bunduki ile ile na sheria zile zile za jimbo lile lile la South Carolina. Alichofanya zaidi ni kuuliza kabla.

Sasa ndugu yangu wa ile barua na wasomaji wengine wa huko nyumbani mtasema haya ya Wazungu na glaida zao yanatuhusu nini. Yanatuhusu. Wangapi huko wana droni, ndege nyuki, za kupigia picha harusi, za kupimia mashamba, au za kujifurahisha tu Jumapili ufukweni? Kule Iten kwenye bonde la Kerio watu wanaelea na parashuti kila msimu, na wao wanazunguka kwenye hewa moto kama mimi na mwewe. Kenya kanuni za ndege zisizo na rubani zilizosimama ni za 2020, zile za kwanza Bunge lilizikataa, kwa hiyo miaka kadhaa vijana walikuwa na kifaa mkononi bila kujua kipi ruhusa kipi kosa. Tanzania mwenye kauli ni mamlaka ya anga, TCAA, kibali kinaombwa huko. Hiyo ni sawa kabisa, droni ikiingia kwenye njia ya ndege ya abiria inaua watu, mimi rubani nalijua hilo kuliko wengi na sitetei mtu anayerusha droni mwisho wa uwanja wa ndege, huyo achukuliwe hatua na zimuume.

Lakini sheria ikishakuwepo ndo inabidi ifuatwe na pande zote mbili. Binamu yangu huko huko nyumbani, sitasema mji, alirusha ndege nyuki yenye karatasi zote kwenye shamba la mteja wake, akashikwa na askari wanaosema ni eneo nyeti, akauliza mpaka wa eneo nyeti uko wapi, hakuna aliyeweza kumwonyesha, sio kwenye karatasi, sio kwenye ubao, sio kwenye ramani. Kifaa kilikaa kituoni wiki sita, kikarudi kimevunjika mkono mmoja. Hakupewa hata risiti ya kukipokea. Alikinunua hicho kifaa kwa mkopo. Na yeye aliambiwa maneno yanayofanana sana na yale ya Hartsville, kwamba tunakusamehe, chukua vitu vyako na yaishe. Akachukua, yakaisha. Nilipomuuliza kwa nini hukulalamika akaniambia kaka, nikilalamika kesho narusha wapi?

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na naomba uliandike kwa herufi zinazosomeka. Mahali pakizuiwa, pachorwe kwenye ramani ambayo mtu wa kawaida anaweza kuiona kwenye simu yake, pabandikwe ubao, itangazwe. Ukutani kila kituo cha polisi pabandikwe namba ya watu wa anga, na askari akiona kitu angani kinamtia mashaka apige hiyo namba kabla ya kumshika mtu aliyeshatua na anayejibu maswali. Akichukua kifaa atoe risiti. Na kama mtu hana kosa aachiwe kwa sababu hana kosa, bila kumtoza ahadi ya kunyamaza.

Ile barua ilisema bora kumkosea mmoja kuliko kuhatarisha wengi. Mimi nauliza, ule usiku mzee alipokuwa mahabusu, mtambo wa Robinson ulipata usalama gani wa ziada? Chombo chake cha plastiki na nyuzi za kaboni kilikuwa kimeegeshwa kwenye nyasi, hakina mafuta hata lita moja, jengo la kinu limefunikwa kwa zege nene lililosukwa nondo. Wale askari wote waliokuwa uwanjani hawakuwa barabarani wala mahali pengine walipohitajika. Hofu ilishika usukani na kila mtu akaifuata.

Jumamosi hii utabiri ni mzuri, mawingu madogo meupe yale tunayoyapenda, upepo kidogo. Nimeshachora njia yangu kwenye ramani jana usiku mezani, inakwenda mashariki alafu inarudi. Njia iliyonyooka ingepita karibu na Lake Robinson, na sheria hainikatazi. Mke wangu alisimama nyuma ya kiti akaangalia, hakusema kitu, akaweka kidole kwenye lile ziwa. Nikachukua kifutio nikaivuta njia kusini kilomita ishirini, kwenye misitu ya misonobari ambako hewa ya kupanda ni hafifu na mashamba ya kutua ni machache.

Msomaji wako,
Mtoto wa Lushoto
South Carolina, Marekani